Usiku Anaitwa Kamba

Ndugu msomaji, mimi ni mtoto wa Mbagala. Mpaka natimiza miaka ishirini na mmoja, nyoka niliowafahamu ni wa kwenye video, wa kwenye hadithi, na wale wa miguu miwili wanaokopa hela na kuzima simu. Kwa hiyo niliposhuka kwenye basi la kusini mwezi Aprili 2024, begi mgongoni na ndala mguuni, nikijua nakwenda kumsaidia Bibi mavuno ya ufuta na kula pweza wa bure, sikuwa na habari kwamba nyumba ya Bibi ina sheria zake za usiku.

Sheria ya kwanza niliivunja siku hiyo hiyo. Tulikuwa tumekaa barazani baada ya isha, koroboi inawaka, nikauliza kama huku kuna nyoka wengi. Bibi akanichapa kofi la paja.

"Mume wangu, usiku hatumtaji."

"Hatumtaji nani?"

"Huyo uliyemtaja. Sema kamba."

Binti wa Mjomba, mtoto wa miaka tisa, alicheka mpaka akajishika mbavu. Yeye alikuwa analala kwa Bibi, kama watoto wengi wa huku wanavyolala kwa bibi zao, na sheria zile alizijua kama anavyoijua njia ya shule. Usiku nyoka anaitwa kamba. Ukimtaja kwa jina lake anadhani ameitwa, naye si mtu wa kuitwa mara mbili. Nikacheka kimjini mjini, nikachomoa daftari, nikaandika maneno hayo yote.

Maana nilikuja na daftari. Wewe unayesoma jarida hili huenda nawe unalo, limejaa majina ya wahusika ambao bado hawajapata hadithi. Sisi watu wa kuandika tuna ugonjwa wa kuokota. Neno la konda tunaokota, kilio cha jirani tunaokota, tunaweka mfukoni, tunasema siku moja patatoka kitu. Hapa nataka kusimulia kitu nilichokiokota Kiswere na kukiweka mfukoni, na kilichotokea kikiwa mfukoni.

Kiswere ipo Wilaya ya Kilwa, upande wa chini kabisa, unapokaribia kuiacha Kilwa na kuingia Lindi. Bahari imeingia nchi kavu ikafanya ghuba, mikoko imeikumbatia, na ukigeuka mgongo wa bahari ni minazi, mikorosho, na mashamba ya ufuta. Hii ni nchi ya Wamachinga, watu waliokuwapo na jina lao kabla halijawa jina la kijana anayeuza soksi Kariakoo. Mama yangu alizaliwa hapa. Nyumba ya Bibi ni ya udongo na fito, juu makuti, vyumba viwili, ukumbi, na nyuma kijighala cha kuwekea mahindi, makopa na mbegu. Jirani wa karibu kabisa alikuwa mama mmoja mjane, mpika vitumbua, ambaye nilimwita Shangazi ingawa hatuna damu moja. Vitumbua vyake, msomaji, sitavieleza, nitakutesa bure.

Mchana Bibi alikubali kusema. Mchana alinifundisha nyoka kama mwalimu wa jiografia anavyofundisha mito. Kifutu ni mfupi mnene, mvivu, halali yake ni njiani; hakukimbii, anakungoja umkanyage. Koboko ni mrefu mwembamba mwenye haraka, ukimwona mpishe, usishindane naye mbio wala ujasiri. Swila husimama, hutanua shingo, na hutema. Mate yake huyatafuta macho. Chatu huyo kazi yake ni kuku na mbuzi. Wa kijani juu ya mwembe wako wa aina nyingi, wengi hawana neno, lakini yumo mmoja, ndugu yake koboko, anayekaa kwenye miembe na minazi ya pwani hii, naye ni wa kijani vile vile. "Kwa hiyo," Bibi akasema, "ukijani si cheti cha tabia njema."

Nikaandika na hilo.

Sasa sikiliza habari ya ghala. Mle ndani panya walikuwa kama wamelipa kodi. Usiku ukilala unawasikia wanavyoburuta punje juu ya dari, wanagombana, wanaoa. Bibi alikuwa na paka, lakini paka alikuwa mzee, amestaafu. Mwisho wa Aprili makelele yale yakapungua. Mimi nikashukuru Mungu, nikalala usingizi. Mtu mwenye akili ya shamba angejiuliza panya wanapungua wanakwenda wapi.

Jumatano ya tarehe mosi Mei, wenzetu mjini wako kwenye maandamano ya wafanyakazi, Bibi akanituma ghalani nikamletee mbegu za kunde. Nyuma ya gunia la mwisho, kwenye pembe ambapo ukuta umeachana na sakafu, nikakuta gamba. Naam, lile vazi nyoka anajivua. Neno hili mwaka 2011 wanasiasa wetu walilifanya kama wimbo, kila mtu ajivue gamba, lakini gamba lenyewe nadhani wengi wao hawajawahi kulishika. Ni jepesi kuliko karatasi ya sigara. Lina vigae vigae, vidogo juu na vipana chini, na mahali pa macho pana vidirisha viwili viangavu. Lilianzia pembeni likaishia kwenye tundu la panya, mzima mzima, kama soksi iliyovuliwa na mtu mwenye haraka.

Nilisisimka mwili mzima. Halafu, Mungu anisamehe, nikafurahi. Papo hapo niliona hadithi yangu yote: kijana wa mjini, bibi, ghala, gamba. Nikaona na washkaji wa kikundi chetu cha kuandika kule Mbagala wanavyolipitisha mkono kwa mkono. Nikajua pia kwamba nikimwambia Bibi atalichoma, maana gamba ndani ya nyumba kwake ni jambo la kuondolewa kwa moto na bismilahi, na tena ghala lote lingetolewa nje siku ile ile, na wa kulitoa ni mimi. Nikalikunja taratibu, nikaliweka katikati ya daftari, daftari nikalitia ndani ya begi. Bibi nikampelekea kunde zake. Akauliza, "Mbona umekawia?" Nikasema nilikuwa nachagua nzuri.

Ijumaa baada ya swala kukawa na ugomvi. Kati ya uwanja wa Mjomba na wa Shangazi kuna mkorosho, na mkorosho huo kila mmoja alisema ni wa baba yake. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa siku nyingi, ila siku hiyo Mjomba alikuwa amekata tawi. Shangazi akatoka na upawa mkononi, sauti juu, na watu wakasimama kusikiliza kama inavyokuwa. Mwisho akasema maneno haya, niliyasikia kwa masikio yangu na nikayaandika: "Haya, kata. Kata tu. Utaona kitakachokufuata nyumbani kwako."

Alimaanisha wito wa baraza la kata. Alikuwa ameshakwenda kuandikisha malalamiko yake, karatasi alikuwa nayo. Lakini hakusema baraza, alisema kitakachokufuata.

Usiku ule ule mvua ikaanza. Redio ilikuwa imetangaza kimbunga, jina lake Hidaya, na Bibi alishangaa sana: hidaya ni zawadi, nani kaita balaa zawadi? Jumamosi tarehe 4 Mei kikaingia nchi kavu upande wa Mafia, na sisi huku chini tukapata fungu letu la upepo na maji. Barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, magari yakalala. Makuti ya Bibi yakafunuka upande wa chumbani. Kitanda kikalowa, tukakisogeza ukumbini kikiwa kimesimama kwa ubavu. Neti, ambayo kamba zake zilifungwa kwenye boriti za chumba kile, tukaivua ili isichanike. Bibi na mtoto wakatandika mkeka ukumbini. Mimi nikajikunyata kwenye kiti cha uvivu, miguu juu.

Huko nyuma maji yalikuwa yanaingia ghalani. Na kama maji yanaingia kwenye matundu, aliye tunduni anatoka. Hili sikuliwaza hata kidogo. Niliwaza begi langu lisilowe.

Alfajiri ya Jumapili mtoto akalia. Hakupiga kelele kama unavyodhani. Alisema, kwa sauti nyembamba, "Bibi, kamba. Bibi, kamba imenichoma." Giza lilikuwa bado, ni usiku, na yule mtoto, na maumivu yake yote, hakuvunja sheria. Nikawasha tochi ya simu. Ilikuwa pale kwenye ncha ya mkeka, rangi ya kijivu kama ya majivu, shingo imetanuka, chini ya shingo ina mikanda myeusi. Swila.

Bibi alimvuta mtoto kwa nyuma, akaniambia nisitoe mwanga kwake, nisisogee, nisimpe sababu. Mjomba alisikia, akaja mbio na fimbo, akaingia mlangoni uso mbele, na swila akamtemea. Mjomba akaanguka na kushika macho akilia kama mtoto mwenzake. Aliyemaliza kazi ni kijana mmoja mvuvi wa nyumba ya tatu. Alikuja na upondo wa kusukumia mtumbwi, mrefu kuliko mate ya nyoka yeyote, akampigia mbali. Wanawake wakasema aletwe mama anayenyonyesha akamkamulie Mjomba maziwa machoni. Bibi akasema maziwa ya nini na mtungi umejaa, akammwagia maji, kata baada ya kata, muda mrefu, akimfungua kope kwa vidole. Kwa siku mbili aliona ukungu, kisha akaona.

Mtoto alikuwa ameumwa mkono wa kushoto, ubavuni, karibu na kidole cha mwisho. Mkono ulivimba mbele ya macho yetu. Mtu mmoja akachana khanga akamfunga juu ya kiwiko, akakaza kwa nguvu zake zote, na mimi nilimsaidia kukaza, maana kwenye sinema wanafanya hivyo. Mwingine akataka wembe amchanje. Bibi akakataa wembe, lakini khanga ikabaki.

Tulimpakia kwenye bodaboda, Bibi nyuma, mtoto katikati. Mimi nilifuata kwa pikipiki nyingine, tope mpaka magotini. Zahanati tuliyofika, muuguzi kabla hata ya kuuliza jina alichukua mkasi akakata ile khanga, akakata na uzi mwekundu aliokuwa amevaa mtoto kwenye kifundo, maana ulishaanza kuzama ndani ya nyama. Akatueleza huku anafunga ubao mkono usichezecheze. Sumu ya huyu inaozesha nyama. Ukiifungia mahali pamoja inakula pale pale. Usifunge, usichanje, usinyonye, usiweke jiwe wala majani. Mlaze, mkono utulie, vua bangili na pete mapema, na uende penye dawa. Nilijisikia nimekaza ile khanga tena, safari hii shingoni mwangu.

Penye dawa palikuwa mbali na palipofika hapakuwa na dawa. Sitapataja. Dawa ya sumu ya nyoka si kidonge cha dukani: farasi anadungwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake inajifunza kupigana nayo, kisha ile nguvu ya damu inachujwa, inatiwa chupani. Ni ghali, aina nyingine zinataka jokofu, na nyoka wa bara hili si lazima wawe ndio waliotumika kuitengeneza. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliandika kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, na linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 duniani hufa kwa sababu hiyo. Haya niliyasoma kwenye simu, nimekaa sakafuni kwenye ukumbi wa wodi, chaji asilimia nane. Neno waliosahauliwa lilinifaa kabisa usiku ule. Chupa zilipatikana siku ya pili yake, na mtoto alipona. Kidole cha mwisho kilikuwa kimeshakuwa cheusi, wakakiondoa.

Usiku mmoja pale ukumbini Bibi, ili asilale, alinisimulia habari za Bwana Nyoka. Nilidhani ni hadithi. Kumbe ni mtu wa kweli: Mwingereza mwenye asili ya Kigiriki, jina lake Ionides, alikuwa bwana nyama wa serikali ya mkoloni kule Liwale, baadaye akahamia Newala, akafa mwaka 1968. Alikamata nyoka wazima maelfu, koboko na wa kijani, kwa fimbo yenye koleo, akawapeleka kwenye majumba ya makumbusho na bustani za wanyama nje ya nchi. Aliumwa mara kadhaa. Watu wa kusini walimwona kama kichaa, lakini walikuwa wanamletea habari, kwa sababu aliyeleta habari ya nyoka alilipwa. Bibi alipenda hapo hapo. "Mtu akiona nyoka nyumbani kwake anakimbilia kwa Bwana Nyoka, anasema yuko mahali fulani, anapewa shilingi zake. Hakuna aliyeuliza katumwa na nani."

Alisema hivyo kwa sababu habari za kijijini zilikuwa zimeshatufikia kwenye simu. Wakati sisi tuko hospitali, Jumapili ile ile jioni, watu walikaa barazani kwa Mjomba kumpa pole. Macho yake yamefungwa kitambaa, mtoto yuko hatarini, na mtu mmoja akakumbusha maneno ya Ijumaa. Kitakachokufuata nyumbani kwako. Siku mbili tu! Ijumaa kasema, Jumapili kimefuata. Nani anahitaji ushahidi zaidi? Hoja ilikuwa nzuri, msomaji, nakiri. Kama ningekuwa mgeni pale ningeikubali. Nyoka yule hakuwahi kuonekana kabla ya ugomvi, akaonekana baada ya ugomvi.

Isipokuwa mimi nilikuwa na gamba ndani ya begi. La Jumatano.

Jumatatu nilirudi kijijini kuchukua nguo za Bibi na hela, nikakuta kikao kingine. Mganga alishatajwa na ada yake ilishatajwa. Shangazi aliitwa. Alikuja amejifunga khanga mbili, akaketi chini, akasema nilichokuambia: nilimaanisha baraza, karatasi hii hapa. Wakasoma karatasi, wakasema karatasi ni ya kufunikia. Mzee mmoja mwenye busara alionya kwamba sheria ya uchawi ipo tangu enzi za Mwingereza, mwaka 1928, na inamshika hata anayemtaja mwenzake mchawi. Wakasema hawamtaji mtu, wanauliza tu.

Begi lilikuwa begani kwangu. Kulikuwa na daftari, na katikati ya daftari lilikuwamo lile gamba. Ningesimama nikasema: Wazee wangu, shikamooni, nyoka huyu alikuwa ghalani kwetu Jumatano akila panya wetu, gamba lake hili. Maneno kumi na tano. Nikauchuna. Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi, na majibu yangu huwa ni ya kupendeza kuliko ukweli. Ukweli ni kwamba swali la pili lingekuwa: ulijua kuna nyoka ndani ya nyumba, ukamwacha mtoto alale chini? Na Mjomba angeliuliza akiwa na kitambaa machoni.

Shangazi alinitazama mara moja. Hakujua kitu, alinitazama kama mtu anavyotazama uso wa kijana aliyemlisha vitumbua. Nikainama nikafunga kamba za viatu.

Huko Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu, macho ambayo moshi wa jikoni ndio uliyafanya mekundu. Huku kwetu hakuguswa hata unywele. Watu waliacha tu kumwitikia hodi. Vitumbua vilibaki kwenye beseni mpaka vikapoa, asubuhi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watoto wakaambiwa wapite njia ya juu. Baada ya wiki moja alifunga mlango wake kwa kufuli akaenda kwa kaka yake Mchinga, na tawi la mkorosho likabaki chini pale pale lilipoangukia.

Bibi na mtoto waliporudi, nyumba ilikuwa inanuka mpira. Mjomba alikuwa anachoma ndala kuukuu kila jioni kufukuza wengine, na amemwaga mafuta ya taa kuizunguka nyumba, na juu ya mlango amening'iniza kitu ambacho sikuuliza ni nini. Ghala hakuna aliyeligusa. Panya walikuwa wamesharudi.

Usiku huo nilimtolea Bibi gamba. Hakushtuka. Alilinyoosha juu ya mkeka akalipima kwa shibiri, zikafika sita na kidogo.

"Umeliokota lini?"

"Mei Mosi."

Akahesabu kwa vidole. Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Akafika Jumapili akasimama.

"Mume wangu, na siku zote hizi umekaa nalo?"

Sikuwa na la kujibu. Asubuhi alilichukua yeye mwenyewe akampelekea Mjomba. Nilikwenda naye, nikasema yote, mpaka la kunde nzuri. Mjomba alilishika, akaliangalia kwa macho yake yaliyopona, akanirudishia. Akasema nyoka wa kutumwa anaweza kutumwa hata wiki nzima kabla. Anayekutumia hakutangazii siku. Basi. Wala hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia Bibi kwamba afadhali, maana inaonyesha hata ningesema ile Jumatatu isingesaidia. Bibi alisimama katikati ya njia.

"Jumatatu alikuwa na shaka. Leo ana kidole cha mtoto, na lazima mtu akilipe. Usijidanganye."

Tulitoa ghala lote nje siku hiyo, mimi na yeye. Magunia tukayapandisha juu ya uchaga, mbali na ukuta. Tulikuta matundu kumi na moja. Tuliyaziba kwa udongo uliochanganywa na vipande vya chupa, tukafyeka nyasi nyuma ya nyumba, tukahamisha rundo la kuni. Neti tukaifunga upya, pindo zikachomekwa chini ya godoro pande zote, maana swila wa usiku huwafuata panya, na panya huruka juu ya waliolala. Mtoto alikaa kizingitini ametuangalia, mkono uko kwenye tanzi la kitambaa. Akaniuliza kama ni kweli nililiokota gamba. Nikasema ndiyo. Akataka kuliona. Alichungulia kwenye vile vidirisha vya macho, jicho lake dhidi ya jicho lile, akasema, "Kumbe anavua mpaka macho."

Sikuiandika. Naiandika leo kwa sababu mwenyewe ameniruhusu, na amenitoza soda.

Mwezi wa sita, ufuta umeshapigwa na kupelekwa mnadani, nilipanda gari la kwenda Mchinga. Niliuliza uliza mpaka nikafika. Shangazi alikuwa nyuma ya nyumba ya kaka yake, anapepeta mchele. Nikapiga hodi, nikamwamkia shikamoo. Akachelewa kuitikia, halafu akaitikia. Akanipa kigoda. Nikatoa daftari, nikalifungua katikati, nikamsimulia kwa kufuata siku, Jumatano mpaka Jumatatu, bila kuruka.

Aliliangalia gamba bila kuligusa. Lilikuwa limeshaanza kuvunjika kwenye mikunjo.

"Ungelileta ile Jumatatu," akasema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Mimi nilikuwa nimekaa hapo chini. Wewe umesimama hapo."

"Ndiyo."

Akapepeta ungo mzima, akautua. Kisha akaninyooshea kidole ukuta wa jikoni, pale ulipokutana na ardhi. Matundu. Kaka yake mgongo unamsumbua, alisema, na watoto wa siku hizi ukiwatuma wanashika simu. Udongo upo pale chini ya mwembe, maji yapo kwenye pipa.

Nikakunja suruali. Udongo wa kule ni mwekundu, unashika vizuri ukiukanda na makapi ya mpunga. Yeye alikuwa ananionyesha na mimi naziba, hatukuongea mengi. Mara moja aliuliza mtoto anaendeleaje, nikamwambia amerudi shule. Tulikuwa tumebakiza tundu moja pale adhana ya magharibi iliposikika. Akaniambia hilo nitaliziba asubuhi, maana magari ya kurudi yameshakwisha na nitalala hapo. Neti ni moja tu kwa upande wake wa nyumba. Alikuwa ameshaitoa sandukuni, anaikung'uta, anatafuta pa kuifunga juu ya mkeka wangu.